Kasha la Februari, upepo wa Julai: uchambuzi wa kisa cha jiokachingi Dodoma

Mwezi Julai, kijana anayechunga ng'ombe wa babu yake pembezoni mwa jiji la Dodoma aliona kopo la plastiki la kahawia limebanwa kwenye ufa wa jiwe, usawa wa kifua cha mtu mzima. Akalifungua. Ndani mlikuwa na daftari dogo lenye majina ya watu na tarehe, penseli, sarafu chache, ushanga na kinyago kidogo cha twiga. Hakuchukua kitu. Alilifunga, akalifunika kwa shuka yake, akarudi nalo nyumbani, na jioni ileile babu yake akalifikisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Kulipokucha habari ilishafika bombani: kuna mtu anaficha majina ya watu mlimani.

Lilikuwa kasha la jiokachingi, mchezo wa kuficha makasha na kuyatafuta kwa msaada wa setilaiti. Lilifichwa Februari na mwalimu wa jiografia wa sekondari moja pamoja na wanafunzi wa klabu yake, na tangu hapo lilikuwa limefikiwa na watafutaji wa Dodoma, wa Dar es Salaam na wageni wawili watatu waliokuwa safarini. Mimi niliombwa nifike kwenye kikao cha mtaa kuueleza mchezo, kwa kuwa nimeupenda na kuucheza kwa muda mrefu. Mambo yalipotulia, mwalimu na mwenyekiti waliridhia kisa hiki kiandikwe, mradi kilima kisitajwe wala mtu.

Nakiandika kwa sababu waliohusika hawakuwa wazembe. Walisoma, walijiandaa, walichagua kopo zuri. Walichokosa ni jambo moja ambalo maelekezo mengi yaliyoko mtandaoni hayalisemi, maana yameandikwa na watu wa nchi za theluji kwa ajili ya watu wa nchi za theluji: hapa kwetu mficho hupimwa Julai na Agosti, pori likiwa tupu. Aliyeupima Februari bado hajaupima.

Mchezo kwa ufupi

Mtu anaficha kasha na kutangaza latitudo na longitudo yake kwenye tovuti. Wengine wanalitafuta kwa simu au kifaa cha GPS, wanasaini daftari lililomo, wanalirudisha palepale. Ulianza tarehe 3 Mei 2000, siku moja baada ya serikali ya Marekani chini ya Rais Bill Clinton kuacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kabla ya hapo kifaa cha raia kiliweza kukosea hata mita mia moja. Ghafla kikawa kinamfikisha mtu hatua chache kutoka anapopataka. Dave Ulmer aliweka ndoo porini karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza namba zake, na Mike Teague akawa wa kwanza kuifikia. Ndani ya ndoo ile kulikuwa na kopo la maharage, kitu ambacho kanuni za leo hazikiruhusu kwa sababu chakula huita wanyama. Kanuni nyingine zinazogusa kisa hiki ni kwamba kasha halifukiwi ardhini bila ruhusa mahususi, mwenye ardhi lazima aridhie, na makasha mawili hayakai karibu zaidi ya mita 161.

Lilivyofichwa

Dodoma hupata mvua ya karibu milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Anayeijua Dodoma ya vumbi jekundu tu akifika Februari atauliza mara mbili kama basi limemshusha panapostahili. Nyasi zinafika kiunoni, migunga imejaa majani, mibuyu imevaa, mitambaazi imepanda juu ya mawe. Klabu ilichagua kilima cha mawe makubwa ya granaiti, vile vilima vyetu vinavyoonekana kama mawe yamepangwa kwa mkono, na kwenye kilima hicho wakachagua ufa uliofunikwa na kichaka cha miiba chenye majani tele. Ukisimama hatua tano kutoka pale huoni ufa, sembuse kopo.

Kabla ya kuchagua, binti mmoja wa kidato cha tatu alikuwa amesoma kwa makini namna watu wa Ulaya ya kaskazini na Kanada wanavyoficha na kutafuta makasha wakati wa mapukutiko na wakati wa baridi. Ni maarifa mazuri mno kwa mahali pake. Huko miti hupukutisha majani kwa wingi Oktoba na Novemba, na kasha lililowekwa chini hupotea ndani ya tandiko la majani yaliyolowa. Kisha huja theluji, na kilichokuwa ardhini kinakuwa chini ya kitu ambacho hakuna GPS inayoweza kukifukua. Kwa hiyo wenyeji wa huko hupenda kasha lililoinuliwa, tundu la mti au ufa wa ukuta, na kwenye tovuti kuna alama ya kumjulisha mtafutaji kwamba kasha hili linafikika wakati wa baridi. Unyevu ukiingia kwenye kopo huganda, karatasi hushikana, mfuniko hukataa kufunguka. Wino wa kalamu hugoma, ndiyo maana wanasisitiza penseli. Betri ya simu hupoteza nguvu upesi kwenye baridi kali, basi hubebwa mfuko wa ndani karibu na mwili. Na mchana ni mfupi: Helsinki, Finland, katikati ya Desemba hauna hata saa sita za jua, kwa hiyo aliyechelewa kuondoka nyumbani atatafuta kwa tochi.

Klabu ikachukua kutoka hapo ilichoona kinafaa: kuinua kasha hadi usawa wa kifua, kulipaka kahawia, kusokota majani makavu mbele yake, kuchagua kopo la chakula lenye mpira na vibano pande zote nne, kuweka penseli. Kopo na penseli vilikuwa uamuzi sahihi kabisa. Lilipofunguliwa Julai daftari lilikuwa kavu, baada ya miezi ya mvua, na mchwa hawakuwa wameligusa. Anayejua mchwa wa Dodoma wanavyoweza kumaliza karatasi atakubali hilo si jambo dogo. Rangi na kimo ndivyo vilivyokuja kuwaponza.

Watafutaji wa masika

Kuanzia Februari hadi Aprili taarifa zilizoandikwa kwenye ukurasa wa kasha zilikuwa za sifa. "Gumu kwelikweli." "Limenitoa jasho." Wachache waliandika kwamba hawakulipata. Mwalimu alizichukua kama ushahidi kwamba mficho ni wa hali ya juu, na hapa nina shaka naye. Tuliporudi pale baada ya kisa tukapima upya, namba zilizotangazwa zilikuwa pembeni, zikimwelekeza mtu upande wa pili wa jiwe. Zilichukuliwa mara moja tu, chini ya majani mabichi yaliyolowa, ubavuni mwa jiwe kubwa kuliko nyumba. Majani yenye maji hupunguza nguvu ya mawimbi ya setilaiti, na jiwe hufanya baya zaidi: mawimbi hugonga uso wake, yakadunda na kukifikia kifaa yakiwa yamechelewa, na kifaa kinahesabu umbali usio wa kweli. Basi sehemu ya ule ugumu ulitokana na kipimo, na mficho ukapewa sifa isiyokuwa yake.

Dawa yake inajulikana. Unachukua kipimo, unaondoka hatua nyingi, unarudi kutoka upande mwingine, unapima tena, na siku nyingine unarudia. Kisha unachukua wastani. Kwa Dodoma naongeza: fanya angalau kipimo kimoja wakati wa kiangazi. Simu ya kawaida mahali pa wazi hukosea mita tano hivi, na pori letu kuanzia Juni ni mahali pa wazi.

Pori lilipovuliwa nguo

Mvua ziliisha. Mei nyasi zikakauka, Juni kichaka kilichoziba ufa kikaanza kumwaga majani, na Julai kikabaki vijiti na miiba. Hii ndiyo desturi ya miti yetu mingi: hukimbia ukame kwa kuacha majani, kama vile ya kaskazini inavyokimbia baridi. Mbuyu hukaa mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Kipupwe kikashika, usiku joto likashuka hadi nyuzi 13 au 14, na upepo wa kusi ukawa unavuma kutwa. Majani makavu yaliyosokotwa mbele ya kopo hayakudumu hata kidogo. Na kahawia, ambayo kwenye msitu wa Ujerumani wa Novemba ingepotea kabisa, ilikaa juu ya granaiti ya kijivu iliyofifia na kuonekana kutoka njiani.

Lakini sidhani kama kuonekana pekee kungeleta kikao. Kasha lilionekana wakati ambapo watu wa kuliona walikuwepo, na hapa ndipo maelekezo ya nchi za theluji yanapoachana na sisi. Huko, baridi inayovua miti nguo ndiyo inayowafungia watu ndani. Pori likiwa tupu, halina watu pia. Kwetu kipupwe kinavua miti na kuwatoa watu. Masika familia nzima iko shambani, jembe mkononi, na ng'ombe hawaruhusiwi kukaribia mtama na uwele. Mavuno yakishaingia ghalani mifugo hufunguliwa kula mabua, wachungaji wanazunguka popote, kina mama wanapanda mlimani kutafuta kuni zilizokauka, na vijana wanaizunguka mibuyu kwa sababu ubuyu umekomaa. Kilima ambacho Februari kilipitiwa na watu wa kuhesabika, Julai ni njia ya kila siku.

Kulikuwa pia na kijia. Watafutaji walikanyaga nyasi kutoka barabarani hadi kwenye ufa, na nyasi zilipokauka alama ile ikabaki mstari mwekundu wa vumbi unaoishia kwenye jiwe. Wenzetu wa kaskazini wanalijua tatizo hili: nyayo kwenye theluji humpeleka kila mpita njia moja kwa moja hadi kwenye kasha. Tofauti ni kwamba theluji mpya ikianguka nyayo hufutika, labda usiku uleule. Vumbi la Dodoma linangoja mvua ya Desemba.

Kijana mchungaji alisema hivyo mwenyewe alipoulizwa ameonaje kopo. Alifuata njia, akidhani ni ya mbuzi aliyempotea.

Kikaoni

Mwenyekiti alifungua kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi!", na watu wakaitika, kisha akaliweka kopo mezani mbele ya wote. Sitayarudia yote yaliyosemwa. Hofu kubwa ilikuwa daftari. Katika nchi yetu, majina ya watu yaliyoandikwa, yakawekwa kwenye chombo pamoja na ushanga na sarafu, chombo kikafichwa kwenye jiwe la mlima, hayana maana moja tu kichwani mwa mtu, na maana inayokuja kwanza ni mbaya. Tena vipo vilima vya Ugogo ambavyo wazee walifanyia matambiko ya mvua, na vinaheshimiwa hadi leo hata na watu wasiofanya tambiko lolote.

Bibi mmoja aliyeketi mbele alimuuliza mwalimu swali ambalo naliona ndilo lililokuwa zito kuliko yote.

"Mwalimu, mwanangu, hao walioandikwa humu wanajua kwamba majina yao yako hapa?"

"Shikamoo bibi. Wanajua. Kila mmoja ameandika kwa mkono wake."

"Marahaba. Na sisi wenye mlima mbona hatujui?"

Mwalimu alikuwa na ruhusa. Mwenye shamba lililo chini ya kilima alimkubalia Februari, kwa mdomo, na alisimama kikaoni akalithibitisha hilo. Ila shamba lake linaishia mawe yanapoanzia. Mawe yenyewe hutumiwa na mtaa mzima, na mtaa haukuulizwa. Kanuni ya mchezo inayosema mwenye ardhi aridhie iliandikwa ikimfikiria mwenye kiwanja au idara ya misitu. Mlima ambao hauna hati ya mtu na una wenyewe mamia inaupita pembeni. Kwa maoni yangu kosa hili ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote katika kisa hiki, na kipupwe kililifichua tu.

Mwalimu aliomba radhi bila kujitetea. Binti wa kidato cha tatu akasimama, akawaamkia wazee, akafungua daftari na kusoma ukurasa mmoja kwa sauti: jina, tarehe, na maneno ya mgeni aliyeandika kwamba hajawahi kuona machweo mazuri kama ya pale. Baada ya hapo maswali yakabadilika. Watu wakataka kujua simu inajuaje jiwe lilipo. Babu wa yule kijana akauliza kama mjukuu wake anaweza kuandika jina naye, kwa kuwa amelipata. Akaandika pale mezani, na kwa haki kabisa: alikuwa amelitafuta bila namba na akaliona.

Ningeamuaje

Mapendekezo yalikuwa matatu. Wapo waliotaka kasha liondolewe kabisa na mchezo uishie hapo. Wanafunzi wengi walitaka lirudi kwenye ufa uleule likiwa na rangi ya kijivu. Mimi nilipendekeza kilima kibaki bila kopo lolote, na badala yake kiandikiwe kasha la ardhi, aina isiyo na chombo kabisa, iliyoanzishwa mwaka 2004 ikihusishwa na Chama cha Jiolojia cha Marekani. Mtafutaji anafika mahali, anaangalia miamba, anajibu maswali kuhusu alichokiona, anaondoka bila kuacha kitu. Kwa Dodoma sioni aina inayotufaa zaidi. Mawe yetu ni darasa tosha: namna granaiti inavyobambuka tabaka kwa tabaka, namna joto la mchana na ubaridi wa usiku unavyosaidia kuipasua, namna jiwe la juu linavyobaki limekaa juu ya lenzake udongo ukishachukuliwa na maji. Kipupwe hakiwezi kulifichua kasha lisilo na kitu cha kufichua, na ng'ombe hawezi kulikanyaga.

Pia kuna usalama, ambao haukuzungumzwa kikaoni na ulistahili kuzungumzwa. Ufa wa jiwe unaomtaka mtafutaji aingize mkono asikokuona haufai Dodoma kwa msimu wowote. Nge wanakaa humo. Kifutu hulala kimya akitegemea rangi yake, na halazimiki kukupisha ati kwa kuwa umekuja na simu. Tundu la mbuyu nalo huwa na nyuki. Mtu anayeficha kasha anawajibika kwa mkono wa mtoto wa mwenzake, kwa hiyo kasha likae mahali ambapo macho yanafika kabla ya vidole, au pawe na maelezo kwamba kijiti kinatosha kulivuta.

Mtaa uliamua njia ya kati: kilima kibaki na kasha la ardhi, na kopo lihamie kwenye uzio wa shule, kwa ruhusa ya mkuu wa shule na kwa taarifa kwa mwenyekiti.

Kasha la pili

Kopo ni lilelile, limepakwa kijivu chenye madoa. Liko chini kidogo ya goti, nyuma ya nguzo, mahali ambapo hakuna jani linalosaidia kulificha wakati wowote wa mwaka; limefichwa na umbo la nguzo yenyewe. Hilo lilikuwa sharti la mwalimu na nalikubali: ukihitaji jani, huna mficho. Juu ya mfuniko kimebandikwa kikaratasi ndani ya plastiki, kwa Kiswahili, kinachosema hiki ni kitu cha mchezo wa kutafuta kwa GPS, kimewekwa kwa ruhusa ya shule, kina majina ya wachezaji walioandika wenyewe kwa hiari, na anayekiona bila kucheza anakaribishwa kusaini na kukirudisha. Makasha mengi duniani huwa na maelezo ya namna hiyo, lakini mara nyingi kwa Kiingereza na ndani ya kopo, mahali ambapo mtu ameshaogopa kabla ya kuyafikia.

Ushanga na sarafu vimeondolewa. Vimebaki kinyago cha twiga, penseli na daftari.

Kwenye ukurasa wake klabu imeandika mambo ambayo mgeni wa kutoka kaskazini hatayategemea: kwamba mchana wa hapa ni karibu saa kumi na mbili mwaka mzima na tofauti kati ya Juni na Desemba haifiki saa moja, ila giza likianza kuingia, mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni mwezi Juni, linaingia upesi, kwamba Oktoba na Novemba simu huchemka juani kabla ya betri kuisha, kwamba anayekuja Julai abebe koti la upepo. Maelekezo ya kutoka lango la shule yameandikwa kwa njia mbili, moja ya kufuata Machi, nyasi zikiwa ndefu, na nyingine ya Agosti.

Namba zimepimwa mara kadhaa, na kipimo cha mwisho kitachukuliwa mwishoni mwa Agosti na wanafunzi wenyewe. Yule kijana mchungaji amealikwa siku hiyo. Atapewa kazi ya kusimama barabarani na kusema kama anaona chochote.